Msitu Usiozaa: Mvua ya Asidi na Miche ya Miombo

Mtundu uliokomaa, mmoja wa miti ya misitu ya miombo, huweza kusimama miaka mingi juu ya udongo ulioharibika. Mizizi yake imeshuka mbali, shina limebeba akiba, na majani ya mwaka huu yakiungua, ya mwakani yatachipua. Mche hauna hayo. Mche wa miezi miwili una majani machache, mzizi mmoja ulioanza tu kupenya ardhini, na akiba iliyotoka kwenye mbegu inayokaribia kwisha. Kwa hiyo mvua ya asidi inapoangukia msitu wa kitropiki, hesabu ya madhara yake husomwa vizuri zaidi chini, penye miche iliyopo au isiyokuwapo, kuliko juu kwenye vilele vya miti. Msitu unaweza kuonekana mzima kwa miaka ishirini ilhali umekwisha kuacha kuzaa.

Mvua yoyote ina asidi kidogo. Kaboni dioksidi ya hewani huyeyuka ndani ya matone na kuyashusha hadi pH ya 5.6 hivi. Kila nambari moja inayopungua kwenye kipimo hicho ni asidi mara kumi zaidi: mvua ya pH 4.6 ina asidi mara kumi ya ile ya 5.6, na ya pH 3.6 mara mia. Mwanakemia wa Kiskoti, Robert Angus Smith, alieleza uchafu wa mvua ya Manchester mwaka 1852, na kitabu chake cha 1872 ndicho kilicholipa jambo hili jina linalotumika hadi leo. Vyanzo vikuu ni viwili. Salfa dioksidi hutoka kwenye makaa ya mawe, mafuta mazito na uyeyushaji wa madini yenye salfa; oksidi za nitrojeni hutoka kwenye injini, mitambo ya umeme, mioto ya nyika na udongo uliotiwa mbolea. Zikiwa hewani, gesi hizi hugeuka asidi ya salfuriki na asidi ya nitriki, kisha huanguka na mvua, na ukungu, au zikiwa kavu pamoja na vumbi.

Katika tropiki, hata hivyo, kipimo cha pH peke yake hupotosha. Huko Zoétélé kusini mwa Kamerun na Lamto nchini Kodivaa, mbali na viwanda vikubwa, vipimo vya miaka mingi vimeonyesha mvua ya pH karibu na 5. Sehemu kubwa ya asidi hiyo ni zao la mimea yenyewe na la moshi wa majani yanayochomwa: asidi ya fomiki, ile iliyomo kwenye uchungu wa mdudu chungu, na asidi ya asetiki, ile ya siki. Hizi zikifika ardhini huliwa upesi na vijidudu na kwisha. Asidi ya salfuriki haina mlaji wa namna hiyo; hubaki na kazi yake. Upande wa pili, pembezoni mwa Sahara, vumbi lenye kalsiamu hupunguza makali ya mvua kabla haijagusa jani. Mvua mbili zenye pH moja zinaweza basi kuwa na matokeo tofauti kabisa kwa mche, na swali la kwanza la kuuliza ni asidi gani hiyo, na imeandamana na nini.

Mahali ambapo jibu la swali hilo halina utata ni Ukanda wa Shaba, unaoanzia Zambia kaskazini na kuingia Katanga, upande wa Kongo. Madini ya shaba yanayochimbwa kutoka chini sana huwa yamefungamana na salfa. Kalkopiraiti, iliyo mojawapo ya madini hayo, ni salfa kwa karibu asilimia 35 ya uzito wake. Tanuru huifukuza salfa ili ibaki shaba, na kila tani moja ya salfa inayoungua hutoa tani mbili za salfa dioksidi. Huko Lubumbashi tanuru lilianza kutoa shaba mwaka 1911. Mufulira, upande wa Zambia, mwaka 1937. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya gesi ilipandia dohani na kwenda kokote upepo ulikoipeleka. Kote huko kulikuwa na miombo.

Jani la mche hukutana na asidi kabla ya mzizi. Uso wake umefunikwa na utando wa nta unaozuia maji yasitoke ovyo na uchafu usiingie. Kwa jani lililopevuka utando huo ni mgumu. Kwa majani ya kwanza ya mche ni mwembamba. Tatizo huongezeka mvua inapokatika na jua likatoka. Maji ya tone yanakauka, asidi haikauki. Tone la pH 4 likipungua hadi sehemu moja ya kumi ya ujazo wake hukaribia pH 3, na hapo ndipo seli za juu za jani huanza kusinyaa na kufa. Doa dogo la rangi ya kahawia hujitokeza, mara nyingi penye kishimo au ukingoni ambako maji hutuama.

Katika Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Viçosa, nchini Brazili, miche ya Genipa americana, mti wa asili wa Amerika ya kitropiki, ilinyunyiziwa maji ya pH 3.0, na vipande vya majani vikatazamwa kwa hadubini. Uharibifu wa nta na wa seli za ngozi ya jani ulianza kuonekana kabla jicho tupu halijaona doa lolote. Hilo ni la kuzingatiwa na yeyote anayepita shambani akisema miche haina dalili. Pia ni la kuzingatiwa kwa upande mwingine: kwa spishi nyingi madoa huja pale maji yanapofika pH 3.5 au chini yake, na mvua ya kawaida, hata ya mjini, ni nadra kufika huko. Madoa ya asidi ni ushahidi mzuri wa maabara. Msituni madhara makubwa hayana madoa.

Yasiyo na madoa ni haya. Ayoni za haidrojeni zilizomo kwenye tone huingia kwenye jani na kusukuma nje potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Magnesiamu ndiyo kiini cha klorofili. Ikipungua, jani hugeuka njano kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Kalsiamu huimarisha kuta za seli. Potasiamu huongoza kufunguka na kufunga kwa stomata, vile vitundu vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke, na mche ambao stomata zake hazifungi sawasawa hupoteza maji mchana. Mti mkubwa hufidia kwa kuvuta zaidi kutoka chini. Mche lazima uvute kwa mzizi ambao, kama itakavyoelezwa, umeshikwa na balaa lake wenyewe. Karibu na tanuru kuna nyongeza: salfa dioksidi huingia moja kwa moja kupitia stomata bila kusubiri mvua, ikafanya asidi ndani ya jani.

Udongo ndio uwanja mkuu. Udongo mwekundu wa tropiki umeoshwa na mvua kwa mamilioni ya miaka. Akiba yake ya kalsiamu na magnesiamu ni ndogo, na iliyopo imeshikiliwa kwa ulegevu. Asidi inapopita huichukua na kuishusha chini zaidi ya mizizi mifupi. Udongo ukishuka chini ya pH 5 hivi, na hasa chini ya 4.5, alumini iliyokuwa imetulia ndani ya chembe za mfinyanzi huyeyuka na kuingia kwenye maji ya udongo. Mtaalamu wa udongo wa Kijerumani, Bernhard Ulrich, alilitilia mkazo jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1970 kutokana na vipimo vyake vya msitu wa Solling, na Ulaya ikajadiliana juu yake kwa hasira kwa muda wa miaka kumi na zaidi.

Alumini iliyoyeyuka hushambulia ncha ya mzizi, zile milimita chache ambamo seli hugawanyika na kurefuka. Hujishikiza kwenye kuta za seli na kuzikakamaza. Kwa mimea isiyostahimili, mzizi husimama kukua ndani ya saa chache tu. Baadaye ncha huvimba, hugeuka kahawia, na matawi madogo ya mizizi huwa mafupi kama vijiti vilivyokatwa. Pamoja na hayo alumini hushindana na kalsiamu na magnesiamu mlangoni mwa mzizi, na huifunga fosfeti isipatikane. Mche unaonyauka kwa sumu ya alumini hufanana sana na mche wenye njaa au kiu, na kwa kweli una vyote viwili.

Hapa hoja ya Ulaya haiwezi kuhamishwa kama ilivyo. Wanaikolojia wa kaskazini walizoea kutumia uwiano wa kalsiamu na alumini: kalsiamu ikiwa pungufu ya alumini kwa idadi ya ayoni, mti uko hatarini. Misitu mingi ya kitropiki imesimama juu ya udongo ambao tangu zamani haufikii uwiano huo, na imestawi. Mimea ya huko imejifunza. Baadhi hutoa asidi za kikaboni kwenye ncha za mizizi, kama sitriki na maliki, zinazoifunga alumini kabla haijaingia. Mingine huimeza na kuihifadhi majanini. Mkulima wa Mufindi au Kericho anao mmea wa aina hiyo shambani, maana chai hupenda udongo wa pH 4.5 hadi 5.5 na majani yake makongwe huwa na alumini kwa wingi. Kwa hiyo ni makosa kudhani kila mche wa kitropiki ni dhaifu mbele ya asidi. Kosa lililo sawa na hilo ni kudhani kuwa, kwa kuwa mti umezoea udongo wa asidi, basi nyongeza haina neno. Spishi iliyozoea pH 4.8 imejipanga kwa 4.8. Kiwango kikishuka hadi 4.0, mzigo wa alumini huongezeka kwa kasi kubwa kuliko tofauti ya nambari inavyoonyesha.

Kuna tabia nyingine ya udongo mwekundu inayochelewesha hukumu. Oksidi za chuma na alumini zinazoupa rangi yake huweza kunasa salfeti na kuishikilia. Salfeti inaponaswa haiondoki na kalsiamu, na kwa miaka kadhaa udongo huonekana kana kwamba unaimeza asidi bila kuumia. Nafasi za kunasia zikijaa, ulinzi huo hupungua. Na viwanda vikifungwa, salfeti iliyonaswa huachiliwa polepole, ikaendelea kuosha madini ya lishe wakati hewa imekwisha kuwa safi. Mtu anayepima miche miaka mitano baada ya dohani kuzimwa, na kuikuta ingali dhaifu, hana sababu ya kushangaa.

Maisha ya mche wa miombo yanaufanya mgogoro huu wa ardhini kuwa mzito zaidi kuliko mahali pengine. Mbegu za Brachystegia na Julbernardia hurushwa na maganda yanayopasuka kwa kishindo kuelekea mwisho wa kiangazi. Hazina usingizi mrefu. Mvua za kwanza zikinyesha huota, na ambazo hazikuota hufa au huliwa. Hakuna ghala la mbegu ardhini la kungojea mwaka mwema. Na mvua hizo za kwanza huja baada ya miezi mitano au sita ya ukame, wakati salfa iliyotua kavu imejilimbikiza juu ya majani, takataka za msitu na udongo. Maji ya kwanza huikusanya yote kwa pamoja. Majivu ya mioto ya kiangazi hupunguza makali hayo kwa kiasi, kwa kuwa yana potasiamu na kalsiamu. Karibu na tanuru hayatoshi. Hivyo mzizi wa kwanza wa mbegu hutoka nje hasa katika siku ambazo maji ya juu ya udongo ni makali kuliko siku nyingine za mwaka.

Mbegu yenyewe kwa kawaida huota. Katika majaribio ya spishi nyingi, kuota ni hatua inayostahimili asidi vizuri, na idadi ya mbegu zilizoota hushuka kwa dhahiri pale tu maji yanapokuwa makali sana. Kinachofuata ndicho kinachoamua. Miche ya miombo hujenga chini kwanza. Mninga ni mfano ulio wazi: machipukizi ya mche hukauka kila kiangazi na kuchipua upya mvua zikirudi, na hali hiyo huweza kuendelea kwa miaka kumi au zaidi, huku mzizi mkuu ukinenepa na kujaza wanga. Siku akiba inapotosha, chipukizi hupanda kwa haraka na kupita urefu wa miali ya moto wa nyika. Asidi na alumini haziui mche wa namna hii kwa siku moja. Hupunguza kile unachoweza kuweka akiba kila msimu. Mche unaopaswa kumaliza miaka kumi chini unamaliza kumi na mitano, au haumalizi kabisa, kwa sababu kila kiangazi na kila moto huchukua chake bila kujali kama mche uliwahi kulipwa. Anayehesabu miche hai mwezi wa Februari ataona mingi. Hesabu ya Oktoba ndiyo yenye habari.

Mzizi wa miombo pia haufanyi kazi peke yake. Brachystegia, Julbernardia na mkusu huishi kwa ushirika na kuvu wanaovika ncha za mizizi na kutandaza nyuzi zao udongoni kutafuta fosfeti na maji. Uyoga unaouzwa kandokando ya barabara za Zambia na Katanga msimu wa mvua, ukiwemo ule mweupe mkubwa wa Amanita zambiana, ni zao la ushirika huo. Kuvu hawa huweza kuchuja sehemu ya alumini na metali kabla hazijafika kwenye mzizi, ila nao wana kikomo. Asidi ikizidi, spishi nyepesi hupotea na zile chache ngumu hubaki. Msituni mche hurithi nyuzi hizo kutoka kwa miti jirani. Penye miti iliyokatwa au kufa, hakuna wa kurithiwa. Mninga una ushirika wa aina nyingine, na bakteria wa vinundu wanaonasa nitrojeni ya hewani. Bakteria hao huhitaji molibdeni, na tofauti na metali nyingi, molibdeni huwa adimu zaidi kadiri udongo unavyozidi kuwa na asidi. Vinundu hupungua, na mche ulio juu ya udongo maskini hukosa njia yake ya kujipatia chakula.

Lubumbashi huonyesha mwisho wa safari hii. Upepo unaotawala huko hutoka kusini-mashariki, na upande wa kaskazini-magharibi wa tanuru ukafanyika ukanda wenye umbo la pia ambamo miombo ilitoweka na udongo ukabaki wazi, ukikatwa na mifereji ya mmomonyoko. Wakazi hawahitaji ramani kuujua. Mimea iliyorudi yenyewe ni michache, mashuhuri kati yake ni nyasi fupi Microchloa altera, ambayo kiasili hupatikana kwenye vilima vya shaba vya Katanga na huvumilia metali. Uzalishaji wa shaba uliporomoka miaka ya 1990 na moshi ukapungua sana, lakini miti haikurudi kwa sababu hiyo tu.

Sababu yake ni kwamba dohani haikutoa salfa peke yake. Vumbi lake lilikuwa na shaba, zinki, risasi, kadimiamu na aseniki, na asidi huzifanya metali nyingi kati ya hizo ziyeyuke na kupatikana kwa mizizi. Shaba, kama alumini, hupiga ncha ya mzizi. Huko ni vigumu kusema kwa haki kwamba mche fulani umeuawa na asidi au na shaba. Kilichouua ni shaba iliyofunguliwa mlango na asidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji, walijaribu kupanda Microchloa altera kwenye udongo uliotiwa chokaa na mboji. Chokaa hupandisha pH na kuzifunga metali. Mboji hushika maji na kuzifunga zilizobaki. Nyasi zilishika vizuri zaidi palipotiwa viongezi hivyo. Ni mwanzo wa busara, kwa sababu penye udongo unaohama kila mvua hakuna mche wa mti utakaopata miaka kumi ya kujenga mzizi.

Cubatão, katika jimbo la São Paulo, ni kisa cha namna nyingine, nacho kimeandikwa vizuri. Mji uko chini ya ukuta wa milima ya Serra do Mar, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilifunguliwa hapo mwaka 1955; chuma na mbolea vikafuata. Moshi ulibanwa na milima. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mahali hapo paliitwa Bonde la Mauti, na mwaka 1985 miteremko iliyopoteza miti ilimomonyoka. Uchafu wake ulikuwa mchanganyiko wa salfa, nitrojeni na floridi kutoka viwanda vya mbolea, na floridi ndiyo iliyokuwa kali kwa majani. Miti mirefu ya msitu mkongwe ilikufa na mahali pake pakashikwa na spishi chache zinazopenda mwanga, hasa Tibouchina pulchra yenye maua ya zambarau na meupe. Mti huu ni wa jamii ya Melastomataceae, ambayo mimea yake mingi hukusanya alumini bila kuumia. Si ajabu basi kwamba ndio uliobaki. Udhibiti wa viwanda ulianza mwaka 1983, na mwishoni mwa muongo huo mbegu za miti ya asili zilizofunikwa kwa vidonge vya utelezi zilimwagwa kutoka angani juu ya miteremko ambayo watu hawakuweza kuipanda. Ukijani ulirudi. Kurudi kwa ukijani na kurudi kwa msitu ni mambo mawili, na mteremko uliojaa spishi moja ngumu ni ushahidi wa uchafuzi sawasawa na mteremko mtupu, ila ni rahisi kuupita bila kuutambua.

Baada ya visa hivyo, majaribio ya vitaluni yanaweza kusomwa kwa macho makini. Mpango wake hufanana duniani kote: miche hugawanywa makundi, hunyunyiziwa maji yaliyotiwa asidi ya salfuriki na nitriki hadi pH kama 5.6, 4.5, 3.5 na 2.5, kisha hupimwa urefu, unene wa shina, majani na uzito mkavu. Matokeo yanayorudiarudia ni kwamba asidi ya wastani hufanya kidogo au hata huongeza ukuaji wa juu, na asidi kali hupunguza kila kitu. Ongezeko hilo la mwanzo limewachanganya wengi. Salfa na nitrojeni ni lishe. Mche wenye njaa uliomwagiwa maji ya nitriki umepewa mbolea. Jambo la kutazama ni uwiano wa mzizi na shina. Mche ulionenepa juu na kupungua chini hupendeza kitaluni, ambako kila jioni kuna mtu mwenye ndoo. Ukipelekwa kwenye miombo yenye miezi sita bila tone, umekwenda na majani mengi na pampu ndogo.

Dosari nyingine ya majaribio haya ni muda. Wiki kumi zinatosha kuunguza jani. Hazitoshi kuosha kalsiamu ya udongo wa kiroba, wala kujaza nafasi za salfeti. Kwa hiyo jaribio fupi lenye asidi kali hukuza umuhimu wa jani na kupunguza umuhimu wa ardhi. Kinyume chake ni jaribio la Dinghushan, hifadhi ya msitu wa mvua za monsuni katika jimbo la Guangdong, China. Kuanzia mwaka 2003 viwanja ndani ya msitu mkongwe vilitiwa nitrojeni kilo 50, 100 na 150 kwa hekta kila mwaka, wala hakuna aliyepaka asidi kwenye jani. Baada ya miaka mitano, viwanja vya kilo 150 vilikuwa vimepoteza sehemu kubwa ya aina za mimea ya chini, ambayo ndani yake mlikuwamo miche ya miti, na dalili zilielekea kwenye udongo: asidi zaidi, alumini zaidi, kalsiamu pungufu, mizizi midogo iliyopungua. Miti mikubwa ilikuwa imesimama vilevile.

Kwa Afrika Mashariki, hatari haigawanyiki sawa. Mwambao na visiwa vyenye mwamba wa matumbawe vina kinga kubwa, kwa sababu mwamba huo ni chokaa, na asidi inayouangukia huishia hapo. Usambara Mashariki ni kinyume chake: udongo wake wa kina umeoshwa na mvua nyingi na una asidi tangu zamani, na sehemu kubwa ya lishe imo kwenye takataka za juu na kwenye miti yenyewe. Udongo wa volkeno wa Kilimanjaro na Meru una akiba nzuri zaidi. Miombo ya Tabora, Katavi na Ruvuma imekaa juu ya udongo maskini wenye uwezo mdogo wa kujitetea, ila kwa sasa haina matanuru makubwa jirani. Dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, iliyokubaliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2015, imeondoa chanzo kimoja barabarani. Nitrojeni ya injini, mbolea na mioto haikuguswa na kanuni hiyo.

Kwenye Ukanda wa Shaba wenyewe, tiba ya chanzo inajulikana na ina faida ya kibiashara. Gesi ya tanuru ikinaswa hugeuzwa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo hununuliwa na migodi ileile kwa ajili ya kuyeyushia madini yasiyo na salfa. Mufulira ilikamilisha mfumo wa kunasa zaidi ya asilimia 95 ya salfa dioksidi yake mwaka 2014. Hiyo ni miaka 77 baada ya tanuru kuwashwa, na udongo unaikumbuka miaka yote hiyo.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya bwana misitu na kitalu chake. Chokaa ya dolomaiti inafaa kuliko chokaa ya kawaida, kwa kuwa inaleta magnesiamu pamoja na kalsiamu. Ikizidi, nayo huharibu, maana kuvu wa miombo wamezoea asidi ya wastani na udongo uliopandishwa hadi pH 7 si nyumba yao. Desturi ya zamani ya vitalu, kuchanganya viroba na udongo uliochotwa chini ya mti mama, ni sahihi kikemia na kibiolojia, mradi mti huo uko mbali na njia ya moshi. Mbegu za miti iliyosalimika ndani ya eneo lililochafuliwa zinastahili kukusanywa na kujaribiwa kando ya mbegu za mahali safi, kwani huenda kusalimika huko hakukuwa kwa bahati. Na kipimo cha kazi hiyo kisiwe urefu wa mche siku ya kupandwa. Wanaofuatilia miombo huchagua miche michache kila mwaka, huichimba yote kuanzia chipukizi hadi ncha ya mwisho ya mzizi mkuu, huiosha, huikausha, na kupima uzito wa sehemu ya chini ukilinganishwa na ya juu. Kisha hurudi mwishoni mwa Oktoba, kabla ya mvua, kuhesabu iliyobaki.